Marahaba ya Mzee Pua

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alilinda mlango wa bweni la chuo kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa seremala. Alikuwa fundi mzuri na mlevi mzuri, vyote viwili kwa pamoja, mpaka mchana mmoja msumeno wa mashine ulipomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alituambia hakusikia maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Siku aliyotoka hospitali alimwambia dada yangu amwage kila chupa iliyomo ndani, na tangu hapo sijamwona akionja hata bia ya harusini.

Mimi nilikuwa dobi wa bweni hilohilo. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini kichwa changu hakijawahi kupoteza kitu. Naweza kukutajia mpaka leo ni chumba gani walikuwa wakipigia pasi juu ya godoro na kuniunguzia mashuka. Wanafunzi waliniita Bibi Shuka. Shemeji walimwita Mzee Pua, na jina hilo alilipata kihalali.

Kazi yake aliifanya hivi. Mwanafunzi yeyote aliyerudi kutoka mjini ilimpasa asimame mbele ya meza yake na kumwamkia. "Shikamoo, mzee." Basi shemeji hujifanya hasikii vizuri. Huinama mbele kidogo, sikio limeelekea kwako lakini pua ndiyo inayofanya kazi. Akiridhika anaitika "Marahaba" unapita zako. Asipoitika, jua umekwisha. Anavuta daftari jeusi, anafungua kalamu, na kuuliza swali moja tu: "Jina?"

Jina likiingia mle mara moja, barua inakwenda kwa wazazi. Likiingia mara ya pili, unatoka bwenini na godoro lako. Na kulikuwa na kipengele kingine ambacho mkuu wa chuo alikiongeza mwenyewe: atakayembeba mlevi, kumficha au kumsaidia, naye anaandikwa. Watoto wengi pale walitoka mbali. Kutolewa bwenini kwao kulikuwa sawa na kutolewa chuoni.

Wakabuni mbinu. Walitafuna tangawizi, karafuu, vitunguu vibichi. Kijana mmoja alikula dawa ya meno nusu mrija akatapika povu pale pale mezani, na shemeji akamwandika huku akimshikia kichwa. Alikuwa hana ubaya wa moyo. Aliamini kabisa kwamba daftari lile lilikuwa linawaokoa.

"Katika bweni langu hakuna ulevi," alikuwa akiniambia.

"Hakuna ulevi unaopita mlangoni, shemeji. Madirishani je?"

"Wewe fua mashuka."

"Nafua. Ndiyo maana najua wanachotapika."

Hapo hukasirika, akanigeuzia mgongo, na kesho yake ananiletea embe moja kama radhi.

Jumamosi ninayotaka kuisema ilikuwa ya kufunga mitihani. Jumamosi ndiyo siku ya kubadilisha mashuka. Chumba changu cha kufulia kilikuwa nyuma ya uzio, na saa tisa mchana mimi hujaza mashuka safi kwenye kigari cha magurudumu manne, nikakisukuma kuzunguka uzio, nikapita kwa shemeji mpaka stoo ya bwenini. Siku ile nilipanga mashuka, nikatoka kwenda kuanua foronya zilizobaki kambani. Niliporudi nikaona yamefunikwa vizuri kuliko nilivyoyaacha. Nikadhani nazeeka. Nikasukuma. Kigari hakikwenda.

Mara akatokea msichana mmoja mrefu wa mwaka wa kwanza ambaye wenzake walimwita Twiga. "Bibi, nikusaidie."

"Tangu lini wewe ukanisaidia? Wiki iliyopita nilikuomba unifungulie mlango ukaniambia una kucha mpya."

"Jamani, Bibi! Mtu akikosea hatubu?"

Akashika upande mmoja. Tulisukuma hatua kwa hatua, na kila gurudumu lilipogonga jiwe aliruka kama amechomwa sindano. Tulipofika mlangoni shemeji akainua macho.

"Shemeji, leo umebeba mawe?"

"Nimebeba dhambi zako."

"Basi kigari hakitoshi," akacheka, akaanza kunyanyuka aje asukume. Twiga akatoka mbio mbele yangu, akapiga goti nusu. "Shikamoo, mzee!"

Shemeji akarudi kukaa. Akainama, sikio mbele. Nilihesabu pumzi zangu tatu.

"Tangawizi," akasema. "Una kikohozi?"

"Ndiyo, mzee." Akakohoa.

"Kikohozi cha Jumamosi." Akamtazama sana. "Marahaba. Nenda."

Tukaingia kwenye korido. Stoo iko mwisho, upande wa kulia. Tulikuwa tumebakiza milango miwili nilipousikia mkoromo. Ulitoka ndani ya mashuka yangu, mzito, wenye maji ndani yake, halafu ukakatika.

Sikupiga kelele. Nilisukuma mpaka ndani ya stoo, nikafunga mlango, nikatupa mashuka sakafuni moja baada ya jingine. Chini kabisa alikuwa amekunjwa mtoto. Chali, magoti juu, kidevu kimezama kifuani. Nilimjua. Alikuwa anaitwa Mnong'ono kwa sababu ya sauti yake, maana hata akiomba sabuni ilibidi umsogelee. Alikaa chumba kimoja na Twiga. Matapishi yalikuwa yamemtoka pembeni ya mdomo na kulowa kwenye foronya.

"Mmemfanya nini?"

"Amekunywa tu, Bibi. Tulikuwa nyumbani kwa mwenzetu mmoja anayepanga hapo nyuma. Kulikuwa na mchezo, ukikosa jibu unakunywa. Amekosa sana. Wenzangu wamenisaidia kumtia humu, kisha wakakimbia. Muache alale, akiamka atakuwa sawa. Si unamsikia? Anakoroma. Akikoroma si ni mzima?"

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia miaka arobaini nyuma, na aliyeyasema alikuwa mama yangu mzazi. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameletwa nyumbani mchana na rafiki zake, amewekeana nao dau la kumaliza chupa ya pombe kali bila kushusha. Walimlaza chali kitandani, wakamvua viatu, wakaondoka wanacheka. Alikoroma nyumba nzima ikasikia. Mama akasema akikoroma ni mzima, muacheni alale. Tukaendelea na kazi zetu, tena tulipunguza sauti tusimwamshe. Mkoromo ulipokoma tulifurahi. Tulisema sasa amelala vizuri. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumwita kula.

"Mshike miguu," nilimwambia Twiga.

Tulimtoa tukamlaza juu ya mashuka, ubavu, mguu wa juu nimeukunja mbele asibingirike, mkono chini ya shavu, mdomo umeelekea chini ili kinachotoka kitoke. Nikamwita jina. Nikamfinya sikio kwa kucha. Hakukunja hata uso. Ngozi ilikuwa baridi na mbichi kama shuka lililotoka kukamuliwa, na midomo imegeuka rangi, imekuwa kama majivu. Nikaweka mkono mgongoni kwake nikasubiri. Pumzi ikaingia. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu… nilifika kumi na moja ndipo ikaja nyingine.

"Kamwite Mzee Pua."

Twiga akaniangukia miguuni. "Bibi, nakuomba! Usiniue! Ataandikwa. Baba yake alimwambia akirudishwa asipite hata mlangoni. Na mimi nitaandikwa, ndiyo mara yangu ya pili! Utatuharibia maisha!"

"Maisha yapi? Weka mkono hapa. Weka! Unasikia nini?"

Akaweka. Akasubiri. Nikamwona uso unambadilika.

Sikumngoja. Nilitoka mwenyewe kwenye korido nikamwita shemeji kwa jina lake la nyumbani, ambalo sijawahi kulitumia kazini. Alikuja mbio. Na alikuja na daftari.

Alisimama mlangoni akatazama kigari, akatazama mashuka, akatazama mtoto. Nilijua kilichomuuma kwanza. Amepitishwa mbele ya pua yake.

"Jina," akasema.

"Shemeji, gari."

"Kila kitu na utaratibu wake. Naandika, nampigia mlezi wa bweni, mlezi anaidhinisha gari la chuo. Jina?"

"Mlezi amekwenda kwenye harusi, umesahau? Gari!"

Akainama, akamtazama karibu zaidi, na sauti ikamshuka. "Huyu amwagiwe maji ya baridi. Atembezwe. Apewe kahawa nzito bila sukari."

"Usimguse na maji! Ni wa baridi tayari. Na ukimtia kitu mdomoni kitamwingia kwenye mapafu."

"Shemeji, nimelewa miaka ishirini. Leo wewe unifundishe pombe?"

"Wewe ulilewa. Mimi nilizika."

Shemeji hakumjua kaka yangu, maana alimwoa dada yangu baadaye, lakini habari ile aliijua. Akapiga magoti, akaweka ule mkono wenye vidole vitatu mbele ya pua ya mtoto, akangoja pumzi. Sote watatu tulingoja. Ilikuwa mchana, nje wanafunzi walikuwa wanacheka na redio inapiga, na ndani ya stoo hakuna kilichotokea. Nilianza kuhesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na tano shemeji akaanza kumtikisa bega, "Mwanangu, mwanangu, vuta, vuta," na mtoto akavuta, pumzi ndefu mbaya kama mlango unaoburuzwa sakafuni.

Shemeji alikuwa ameshatoka. Sikujua mzee wa umri ule anaweza kukimbia hivyo. Baadaye waliniambia alisimama katikati ya barabara mkono mmoja juu, na gari la kwanza kufika lilikuwa la mtu anayesambaza mitungi ya gesi, na dereva alipomtukana, shemeji alifungua mlango akachomoa ufunguo. "Nitukane ukiwa njiani kwenda hospitali," alimwambia.

Tulikaa nyuma katikati ya mitungi. Mimi nimemshika kichwa kwa ubavu, Twiga amemshika miguu, shemeji amepiga magoti na vidole vyake puani kwa mtoto njia nzima. "Ipo," alikuwa akisema. Kimya. "Ipo." Kimya kirefu. "Ipo." Mtoto alitapika mara moja tena, na kwa kuwa alikuwa ubavu, kilitoka.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya daktari mmoja na wauguzi wawili. Walimchukua upesi, wakamfunga mashine ya hewa usoni, wakamtafuta mshipa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mkali wa macho. Akageuka.

"Amekunywa nini na kiasi gani?"

Twiga akasema, "Soda."

"Nimesikia harufu tangu mlangoni. Nini?"

"Na pombe kali kidogo. Kikombe kimoja."

"Saa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Kikombe kimoja hakimlazi mtu hivi. Amekula nini? Ametumia dawa yoyote?"

"Hapana. Sijui. Sijui mimi!"

Muuguzi akasema namba fulani, daktari akatazama mashine na uso wake haukunifurahisha. "Binti, nisikilize. Nikibahatisha naweza kukosea. Kuna nini kingine ndani ya mwili wake?"

Twiga alikuwa analia, lakini hakuwa anamtazama daktari wala mwenzake. Nilifuata macho yake. Alikuwa anatazama kwapani kwa shemeji. Kule kukimbia kote, kuchomoa ufunguo kote, yule mzee alikuwa bado amebana daftari lake jeusi, na kalamu imechomekwa katikati.

"Shemeji," nikasema polepole, "mtoto huyu hasemi mbele ya hicho."

Alitazama chini kama mtu aliyegundua amevaa kiatu cha mwingine. Nadhani hata hakujua kama alikuwa nacho. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba tukio lisiloandikwa litamgharimu mlinzi kazi yake. Miaka yote ile hakuwahi kuacha tukio moja. Akaliweka daftari sakafuni, akalisukuma kwa mguu likaenda chini ya benchi la wagonjwa.

"Mwanangu, niangalie mimi. Sikuandiki. Wala yeye simwandiki. Leo, kesho, wala siku yoyote. Mwambie daktari."

"Mzee, unaapa?"

"Kwa kaburi la mke wangu. Sema!"

Ikatoka yote kwa mkupuo mmoja. Vikombe sita au saba, kuanzia saa sita mchana, vimechanganywa na soda kwenye jagi hata ukali hausikiki. Tangu jana yake hakuwa amekula, hofu ya mtihani ilimfunga tumbo. Na alikuwa hajalala usiku wa siku mbili, kwa hiyo asubuhi, baada ya mtihani wa mwisho, alimeza vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, ili apumzike mchana. Vinne. Halafu wenzake wakaja kumvuta, twende, usituharibie, kidogo tu, na yeye hakuwa na sauti ya kukataa. Hajawahi kunywa maishani. "Mimi ndiye niliyekuwa namjazia," Twiga akasema. "Kila mtu alikuwa anacheka. Mimi ndiye."

Daktari hakumlaumu. "Hivyo vidonge ndivyo nilivyokuwa navitafuta," alisema, akaanza kuwaagiza wauguzi mambo mengine tofauti na yale ya mwanzo. Pazia likavutwa.

Tulikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Mara moja tu shemeji aliniuliza, "Walimweka kwenye kigari ili wanikwepe mimi?"

"Ndiyo."

"Si mkuu. Si mlezi. Mimi."

"Wewe, shemeji."

Ningeweza kumpunguzia. Sikumpunguzia.

Jua lilikuwa linazama daktari alipotuita. Mtoto alikuwa amefungua macho. Ile mashine ilikuwa bado usoni, akaisogeza kidogo kwa mkono dhaifu, na shemeji akainama kumsikia, kwa kuwa sauti yake ndiyo ileile. Alisema maneno mawili. "Baba amejua?"

Shemeji alinyooka akatoka nje. Nilimkuta ukutani, ameegemea, anajifuta macho kwa ule mkono wa vidole vitatu. "Katoka kaburini," akaniambia, "na anachoogopa bado ni mimi."

Jumatatu aliitwa kwa mkuu wa chuo. Mimi niliitwa kama shahidi, nikavaa gauni langu la kwenda kanisani nikakaa wima. Mkuu alilifungua daftari, ambalo shemeji alikuwa ameliokota tena chini ya benchi, akapekua, akafika Jumamosi, akakuta ukurasa mweupe.

"Gari la watu limetekwa barabarani. Mwanafunzi amelazwa. Na hapa hakuna kitu. Majina?"

"Sina, mkuu."

"Ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Mtoto alikuwa anakata roho na mwenzake anaogopa kusema alichomeza, kwa sababu ya hili. Dakika ngapi zilipotea, daktari anazijua. Mkuu, anayelewa na kutukana watu mlangoni nitakuandikia mpaka wino uishe. Lakini anayemleta mwenzake aliyeanguka simwandiki tena. Aliyeanguka pia simwandiki siku hiyo. Azungumziwe akipona, na mtu anayejua kuzungumza na watoto. Kama hiyo si kazi ya mlinzi, basi mpe kazi mtu mwingine."

"Unanipangia kanuni?"

"Nakwambia ninachoweza na nisichoweza."

Alisimamishwa mwezi mzima bila mshahara. Nyumbani alikaa anarekebisha viti vya majirani, na nilipompelekea chakula alijifanya hajali. Wiki ya tatu Twiga alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu, na Mnong'ono akiwa pembeni yake, wakasema kila kitu, na majina yao. Nasikia Mnong'ono ndiye aliyeongea zaidi. Mkuu hakuifuta kanuni yote, si mtu wa kurudi nyuma hadharani, lakini kile kipengele cha kumwandika anayesaidia kilitolewa kimyakimya kwenye ubao wa kanuni za bweni, na mlezi wa bweni akaambiwa aache mlangoni ufunguo wa akiba wa gari la chuo. Wale wasichana wawili hawakufukuzwa. Kwa muda mrefu Twiga hakuweza kuingia stoo yangu.

Shemeji alirudi kazini siku ya Alhamisi. Wanafunzi waliokuwa wanapita walimwamkia kwa haraka macho yakiwa chini, hawajui bado ni mzee gani amerudi. Jumamosi yake, kama saa kumi, nilikuwa mezani kwake tunabishana habari ya bawaba ya mlango wangu, vijana wawili wakatokea kwenye kona ya uzio wanakimbia. Mmoja alikuwa ananuka pombe hata mimi nilisikia. Alisimama mbele ya meza, kifua kinapanda na kushuka, akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama daftari.

Shemeji akaliweka ndani ya droo. "Sema, mwanangu."

"Mzee, mwenzetu haamki. Yuko kule nyuma. Tumemlaza ubavu. Tumemwacha na mtu."

"Anapumua?"

"Anapumua, ila polepole."

"Amemeza kitu kingine?"

"Hapana, mzee. Bia na pombe kali, tangu saa saba. Tumebeba na chupa yenyewe."

Shemeji alikuwa ameshasimama, ufunguo wa gari mkononi. "Shemeji, kaa mlangoni," aliniambia, na akawatanguliza wale vijana mbio kuelekea nyuma ya uzio.